Safari Isiyo na Msiba Wala Harusi: Shajara ya Kuzunguka Ziwa kwa Boxer

Aprili 12, 2025, Jumamosi

Mita ya pikipiki inasoma 38,212. Naiandika hapa mapema nisije nikajidanganya baadaye.

Mradi wenyewe ni huu: kuzunguka Ziwa Victoria peke yangu, kwa Boxer BM 150 niliyoinunua mkononi kwa mtu mwaka 2021. Natoka Mwanza naelekea magharibi: Sengerema, Geita, Chato, Muleba, Bukoba. Navuka Mutukula kuingia Uganda, nipite Masaka na Kampala hadi Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Naingia Kenya kwa Busia, nashuka Kisumu na Migori, narudi nyumbani kwa Sirari, halafu Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, nyumbani. Nimejumlisha vipande kimoja kimoja nikapata kama kilomita 1,500. Nimejipa siku 10, maana Boxer si ndege na mgongo wangu si wa kijana.

Mimi ni fundi wa majokofu. Mashine za barafu na vyumba vya baridi vya samaki, kuanzia Mwaloni Kirumba mpaka Igombe. Pikipiki hii inabeba mtungi wa gesi na begi la spana siku sita kwa wiki. Haijawahi kwenda mahali bila kutumwa, na kusema kweli hata mimi pia.

Ndiyo maana swali la kwanza kila mahali ni lile lile: "Unaenda kufuata nini?" Kwetu mtu anasafiri kwa msiba, harusi, biashara au hospitali. Ukimwambia mtu unakwenda Kampala na kurudi na huna hata kimoja kati ya hivyo, anakuangalia kama aliyeambiwa umeokota ugonjwa. Kijiweni wamefikia uamuzi kwamba nimepata mwanamke Jinja. Mke wangu amecheka, lakini si kicheko kirefu.

Aprili 27

Mvua. Nimeshinda gereji ya mzee mmoja Mabatini ambaye amenifundisha zaidi ya alivyonitoza.

Tumeanza na cheni. Mzee hakuitazama kama imelegea au imekaza. Aliishika pale nyuma kabisa inapozunguka sproketi kubwa, lile gurudumu la meno, akaivuta kuelekea kwake. Ikajitenga na meno mpaka nikaona karibu nusu ya jino. "Hii imekwisha," akasema, "unaikaza kila wiki halafu unadhani umeitengeneza." Meno ya sproketi yenyewe yalikuwa yameinama upande mmoja kama mawimbi. Nikataka kununua cheni tu. Akakataa: sproketi iliyolika inakula cheni mpya kwa wiki chache, kwa hiyo ni sproketi ndogo, kubwa na cheni kwa pamoja au usimsumbue.

Kisha akainyanyua kwa stendi ya kati, akaniambia nikae kwenye keria ili gurudumu la mbele lielee. Akashika usukani kwa vidole viwili, akauzungusha taratibu kulia na kushoto. Katikati kabisa, pale ambapo usukani hukaa ukienda moja kwa moja, palikuwa na kitu kama kishimo. Unagota, unatulia humo, unautoa kwa nguvu kidogo. Gololi za usukani zimechimba kikombe chake. Miaka mitatu nilikuwa nadhani pikipiki yangu "inashika barabara vizuri", kumbe usukani ulikuwa umeanguka kwenye shimo lake.

Tumebadilisha. Nikirudi nyumbani ilikuwa kama kuendesha pikipiki ya mtu mwingine. Nilikaribia kuingia mtaroni.

Mei 10

Kadi ya pikipiki bado ina jina la aliyeniuzia. Hili wengi tunalo, na hapa mjini halimsumbui mtu mpaka siku linapomsumbua. Mpakani ni jambo jingine: unataka kuingiza chombo kwa muda kwenye nchi ya watu, wanataka kuona chombo ni chako. Nimemtafuta muuzaji kwa wiki mbili. Alishahamia Kahama. Kwa bahati ni mtu mwema, tumeandikishana upya mkataba wa mauziano, nimeupeleka TRA, mamlaka ya mapato, nimelipa kinachotakiwa, nasubiri kadi.

Ushauri wa bure: fanya hili siku unayonunua, wakati muuzaji bado anakuita kaka.

Mei 21

Leo ni miaka 29 tangu MV Bukoba izame, Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba, ikiwa imeshaiona Mwanza. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni watu wazima wakielekea majini bila kuambizana, na siku zilizofuata, magari yakipanda kwenda makaburi ya Igoma.

Naandika hapa kwa sababu inahusu njia. Mdogo wake mama aliolewa Muleba mwaka 1994. Meli ndiyo ilikuwa njia yao ya kuonana: unalala ndani, asubuhi uko ng'ambo. Baada ya ajali mama hakukanyaga tena meli. Barabara nayo ilikuwa na habari zake, mabasi yakisindikizwa na askari kwenye misitu ya Biharamulo kwa ajili ya majambazi. Kwa hiyo ndugu wawili wanaoishi kwenye ziwa moja wakawa watu wa barua, kisha watu wa simu. Wameonana mara chache, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa msibani.

Mama sijamwambia chochote kuhusu safari. Nimeona nimweleze kadi ikishatoka.

Juni 1

Siku ya hasara, na hasara yenyewe ni ya kujitakia.

Keria ya Boxer inatosha mtungi wa gesi lakini haitoshi mabegi mawili ya pembeni. Nikachora vyuma viwili vya kushikilia mabegi, nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea. Kazi nzuri, safi, ya nusu saa. Jioni nawasha taa, zinafifia. Asubuhi pikipiki haistuki kwa kitufe, mpaka kiki. Nikaipima betri kwa mita yangu: volti 12.1 ikiwa imezimwa. Nikawasha injini, nikaongeza moto kidogo. Ilitakiwa ipande hadi kama 14. Ikabaki 12.1, haitikisiki, kana kwamba injini haikuwepo.

Regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri, imeungua. Chuma kinapochomelewa kwenye fremu, umeme wa mashine unatafuta njia ya kurudi, na kama betri bado imeunganishwa, njia mojawapo inapita kwenye vitu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ilitakiwa nitoe waya wa betri kabla ya fundi kugusa chochote. Mimi ndiye fundi ninayewapigia kelele wateja wazime swichi kubwa kabla ya kuchomelea karibu na kompresa. Nilikuwa nimesimama pale pale, nakunywa soda.

Regyuleta mpya imewekwa, betri inapanda hadi 14.1. Vyuma vya pembeni nimeamua visichomelewe kwenye fremu tena. Vimefungwa kwa boliti. Na hapa mzee wa Mabatini akanipa jambo ambalo nimelipenda kuliko yote: kila boliti ikishakazwa, chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya kichwa cha boliti mpaka kwenye chuma. Boliti ikilegea hata kwa unywele, mstari unakatika, unaona kwa macho bila kushika spana. Nimetumia rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu. Mistari 14. Amenidai chupa mpya, na ya bei kubwa zaidi.

Juni 19

Leo Rais Samia amezindua daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa Daraja la J.P. Magufuli. Kilomita 3 juu ya maji. Redio zote mtaani zilikuwa kwenye stesheni moja. Wateja wangu wawili wanaopeleka samaki Geita wamenipigia simu kunieleza habari ambayo kila mtu anaijua, kwa furaha tu.

Nami niseme langu, kwa sababu shajara inayoficha haina kazi.

Hii si mara yangu ya kwanza kuondoka. Agosti 2023 nilifunga begi, nikaaga, nikafika Kigongo saa 1 asubuhi, nikapanga foleni ya kivuko. Foleni ilikuwa ndefu, ya kawaida yake. Nikanunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja mwenye beseni la bluu, nikala nimekaa kwenye pikipiki. Saa moja ikapita. Kwenye foleni ya kivuko mtu hana la kufanya ila kufikiri, nami nikafikiri: cheni, hela, mtoto ana kikohozi, Kiganda sijui, je nikipata pancha porini. Saa ya pili mteja akapiga, chumba cha baridi kimezima na kina tani za sangara. Hakuwa mteja mkubwa na nilikuwa nimemwachia namba ya fundi mwingine. Nikamwambia nakuja.

Nilipogeuza pikipiki, foleni ilikuwa imeanza kusogea.

Nyumbani na kijiweni nilisema kivuko kimeharibika. Kivuko kilikuwa kizima, kikienda na kurudi mbele ya macho yangu. Miaka miwili nimekisingizia, na kwa kuwa watu wa huku tumeshalala sana kwenye foleni ile, hakuna aliyeuliza swali la pili.

Sasa foleni hakuna. Sijui kama nimefurahi.

Julai 7

Leo Saba Saba. Kwetu ni maonesho ya biashara, Kenya ni maandamano. Nilikuwa nimepanga kuondoka katikati ya mwezi huu, nimesogeza hadi Agosti, mambo ya barabarani Kenya yatulie. Kijiweni wamesema, "Tulijua." Nimewaacha.

Kadi ya pikipiki imetoka, ina jina langu. Pasi ninayo. Halafu kuna kadi mbili za njano, na karibu nizichanganye mpaka dakika ya mwisho. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mpakani wanaweza kuiomba. Inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usichanje siku ya safari ukadhani umemaliza, na ukishaipata ni ya maisha yote. Nyingine ni bima ya COMESA, jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo inaitwa Kadi ya Njano. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima, na ndiyo inayomlipa mtu utakayemgonga nje ya nchi yako. Nilipomwambia wakala wa bima nataka kadi ya njano, alinielekeza hospitali. Nilipokuwa kwenye foleni ya chanjo, jamaa nyuma yangu alikuwa dereva wa lori anayetafuta ile nyingine.

Nimemwambia mama.

Alinyamaza muda. Nilijiandaa kwa "unafuata nini". Akauliza, "Muleba utapita?" Nikasema barabara inapita hapo hapo. Akasema basi sawa, akaendelea kuchambua mchicha. Mimi ndiye niliyebaki na maelezo yangu ambayo hayakuulizwa.

Julai 19

Jaribio la mzigo. Nimejaza ndoo mbili mchanga, nikapima kwa mizani ya samaki pale kwa mteja wangu: kilo 22 jumla. Nikazifunga pembeni, nikaongeza begi la juu, nikaenda Magu na kurudi.

Mambo matatu niliyoyapata. La kwanza, cheni. Nilikuwa nimeiacha na mchezo wa kama sentimita 3 pikipiki ikiwa tupu. Nilipokaa juu pamoja na mzigo, shokapu zikashuka na cheni ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiiendesha hivyo unaua beringi za nyuma. Kwa hiyo cheni ya safari inapimwa mtu akiwa amekaa na mabegi yakiwa yamefungwa, wala si kwenye stendi. Binti yangu ndiye aliyepima kwa rula nikiwa nimekaa.

La pili, mafuta. Nilijaza tenki mpaka shingoni kabla ya kutoka, nikajaza tena sheli ile ile niliporudi: kilomita 126, lita 3.1. Kama kilomita 40 kwa lita, na mzigo, kwa mwendo wa 60 hadi 65. Tenki ni lita 11, hesabu inasema 440. Sitaiamini. Kila kilomita 250 natafuta sheli, hata kama mita inaonyesha niko vizuri.

La tatu ni upepo. Karibu na Magu kuna mahali ziwa linajitokeza na upepo unakuja wa ubavuni. Pikipiki tupu unaisikia ikisukumwa, lakini yenye mabegi inasukumwa halafu inachelewa kurudi. Na jioni nikipita Igoma nikakutana na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi. Kioo cha helmeti kikawa uji. Nimeongeza kitambaa na kichupa cha maji kwenye mfuko wa mbele.

Mistari nyekundu yote 14 mizima.

Agosti 3

Nimepanga vitu sakafuni sebuleni, nikavipima kimoja kimoja. Mke wangu amekaa kwenye kochi anatazama kama anatazama mechi. Mechi yenyewe ilikuwa jana, timu yetu ya taifa, Stars, imefungua CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa kuifunga Burkina Faso 2–0, na mtaa mzima hautaki kuzungumza jingine. Mashindano yapo nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya, zile zile ninazozunguka. Kijiweni sasa wamebadili kauli, wanasema naenda kufuata mpira. Nimekubali. Ni mara ya kwanza nina jibu linaloeleweka.

Vinavyokwenda: tyubu moja ya 3.00-17, kwa sababu ukibanwa inaingia hata mbele ambako tairi ni 2.75. Vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu ya mkono, solusheni na viraka. Plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, oili lita moja. Spana namba 8 hadi 17, na mita yangu ya umeme ambayo siwezi kuiacha hata kama najua sitaitumia. Koti la mvua. Nguo seti mbili. Nimetoa jiko la gesi, hema, kiti cha kukunja na sufuria. Nani atapika njiani wakati kila mji una mama lishe? Hema niliazima kwa sababu niliona picha za wazungu wanaosafiri hivyo. Nimerudisha.

Mabegi yote mawili: kilo 15. Nilijisikia mtu mwenye akili.

Saa 12 jioni mama akafika na kiroba. Michembe. Kilo 4 za michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kazi ya mikono yake, kwa ajili ya mdogo wake. "Miaka 31 anakula ndizi," akasema. "Ndizi asubuhi, ndizi mchana. Mpelekee chakula." Nikajaribu kusema kwamba Muleba nako kuna soko. Akaniangalia tu. Kiroba kimefungwa juu ya begi la spea, kwa mpira wa bodaboda, na nimeongeza upepo kidogo kwenye tairi la nyuma.

Agosti 5, usiku

Mafuta tenki limejaa. Cheni imepimwa. Siwezi kulala. Nimeenda kuitazama pikipiki mara tatu. Mara ya tatu mke wangu akaniuliza kama nataka akawapigie wateja wote awaambie nimekufa, ili wasinipigie. Kisha akachukua ile simu ya kazi, akaizima, akaiweka kabatini kwake. Sikumwomba, wala sijawahi kumweleza kilichotokea 2023. Ila nadhani anajua.

Agosti 6

Mita inasoma 43,067. Nimetoka saa 11 na nusu alfajiri. Mama alikuja kuniaga, hakusema mengi, alishika kiroba akakivuta kuona kama kimefungwa.

Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, taa za bodaboda zikija mjini upande wa pili kama siafu. Usagara nikakata kulia.

Najua ni ujinga, lakini mwili wangu ulikuwa unaingoja foleni. Kilomita za mwisho kabla ya Kigongo nilianza kupunguza mwendo mwenyewe, pale ambapo malori yalikuwa yanaanza kusimama. Miguu inatafuta mahali pa kukanyaga. Hapakuwa na wa kusimama nyuma yake. Barabara ikapanda, kingo zikaja, na nikawa juu ya maji.

Nilikuwa na mpango, ambao sikuuandika humu: ningeamua Kigongo. Ningekaa, ningefikiri, na kama moyo ukikataa basi ningekuwa na muda wa kutafuta sababu nzuri zaidi ya kivuko. Daraja limeninyima hayo yote. Upepo ulikuja wa kushoto kama ule wa Magu, nikaegemea kidogo, nikawa namwangalia dereva wa fuso aliye mbele asinipotee. Ziwa chini lilikuwa bado la kijivu. Gati ya zamani niliiona kwa jicho la pembeni, ndogo mno kwa mahali nilipopotezea siku nzima. Nguzo zile kubwa za katikati zikapita. Nikasikia maungio ya daraja chini ya tairi, tak, tak, halafu lami ya kawaida na mbuzi wawili. Busisi. Nilitazama saa: dakika 4.

Nikasimama pembeni, nikazima. Mikono ilikuwa inatetemeka na haikuwa baridi. Mama mwenye beseni la bluu sikumwona, wala beseni lolote. Mtu mmoja alikuwa anauza karanga kwenye chupa, nikanunua. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Mwanza. "Mapema hivi?" akasema, na kweli, jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka.

Sengerema chai na maandazi. Geita nimepita bila kusimama, nyuma ya magari ya mgodi. Katoro ni soko ambalo barabara kuu imeruhusiwa kupita katikati yake. Matuta sikuyahesabu. Trafiki mmoja mwenye tochi alinisimamisha, nilikuwa 48 kwenye 50. Akakagua leseni, bima, akanyoosha kidole kwenye kiroba. Nikamwambia michembe. Akacheka mpaka akamwita mwenzake, wote wawili Wasukuma. Wakaniuliza inakwenda wapi. Nikasema Muleba, kwa mama mdogo. Hawakuuliza nafuata nini. Wakanipungia mkono kama nimetumwa na serikali.

Baada ya Chato nikaweka mafuta, kilomita 240 na kitu. Lita 6. Hesabu ya Magu imesimama. Muganza, Kyamyorwa, kisha vilima vinaanza, udongo unakuwa mwekundu na migomba inakaribia barabara mpaka unapita kama kwenye uchochoro. Muleba saa 10 jioni. Mita 43,421.

Mama mdogo alikuwa ameshasimama barabarani. Amekuwa mama mtupu, hata namna ya kuweka mkono kiunoni. Kiroba hakusubiri nikifungue. Alikata kamba kwa meno, akatoa kipande kimoja kikavu, akakitafuna vile vile kibichi, amesimama, macho kwingine. Halafu akasema, "Ameweka jua nyingi, hizi ni za Juni," akaingia ndani kuinjika maji.

Mumewe, baba mdogo, ni mtu wa maneno machache. Alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna, akaniuliza, "Nyumbani wote wazima?" Nikasema wazima. Tukala: ndizi na maharage, na pembeni bakuli la michembe ambalo mama mdogo hakulisogeza kwa mtu. Baba mdogo akauliza tena, taratibu, wakati mkewe ametoka: "Wote kabisa?" Wote, baba.

Usiku tulikwenda kwenye mgahawa wenye luninga, Stars na Mauritania. Mchezo wa kuchosha. Sifuri kwa sifuri, watu wanasonya. Mimi akili ilikuwa nje. Kilomita 354, matuta ya Katoro, na sijakagua mistari. Nikavumilia mpaka dakika za mwisho, nikaona hakuna goli hapa, nikatoka na tochi ya simu.

Boliti ya nne, upande wa kulia, nyuma. Mstari mwekundu ulikuwa umekatika, sehemu ya kichwa imesogea kushoto kwa kama unene wa ukucha. Nyingine 13 nzima. Nikatoa spana namba 12, nikapiga magoti, na ndipo nyumba nzima ikalipuka, viti, masufuria, mtu anapiga bati. Goli la Kapombe, dakika ya 89.

Baba mdogo akatoka mbio kuja kuniambia. Akanikuta gizani, magotini, nimeinamisha kichwa mbele ya pikipiki. Akasimama. Kelele zinaendelea nyuma yake. Akainama, akanishika bega.

"Mwanangu," akasema, "niambie. Ni nani?"